Nusu Sentimita

Mshono ulifumuliwa kwa mara ya tatu siku hiyo, na babu hakuficha kwamba subira yake ilikuwa ukingoni.

"Pungufu," alisema, akiutupa ukanda wa viraka mezani. "Sentimita nne. Zilezile."

Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa suruali iliyonyooshwa kwa pasi hata siku za kushinda nyumbani, na kabla ya juma lile hakuwahi kushika sindano. Lakini mkewe alikuwa amepasuliwa jicho la kushoto na kukatazwa kuinama. Blanketi la viraka alilokuwa akimshonea kitukuu wao wa kwanza lilikuwa limefika nusu, na mtoto angetolewa hospitali Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Babu alitamka kwamba kitukuu wake hataingia nyumbani humo akiwa amefunikwa kitu cha dukani, akavuta kiti mbele ya cherehani.

Bibi alifundisha akiwa ameegemea mito, jicho moja likiwa chini ya bandeji.

"Nyuso za kitambaa zitazamane. Shona viraka vinane, upate mstari mmoja. Piga pasi, mishono ilale upande mmoja. Kisha unganisha mstari na mstari."

Babu aliyafuata maagizo hayo neno kwa neno, kama alivyowataka wanafunzi wake wayafuate yake. Hata hivyo mambo yaligoma. Mistari minne ya buluu, aliyoishona bibi kabla ya kupasuliwa, ilikuwa mirefu. Minne myeupe, aliyoishona yeye, ilikuwa mifupi. Pembe hazikukutana. Alipoilazimisha, kitambaa kilikunjamana kama uso wa mtu aliyeonja ndimu.

"Ungekata kwa kiolezo changu," bibi alisema. Kiolezo chenyewe kilikuwa kipande cha boksi la sabuni.

"Boksi la sabuni si kipimo." Babu alichomoa rula katika mfuko wa shati. Ilikuwa ya mti, imeng'aa kwa kushikwa, na nambari yake ya kwanza ilikwisha kufutika zamani. "Hiki ndicho kipimo. Kimefundisha madaktari na mahakimu. Kila kilichomo ndani ya nyumba hii nimekipima kwa hiki."

"Kila kitu," bibi aliafiki. "Hata kitanda."

Mjukuu wao, mkunga aliyepitia pale akitoka zamu, alicheka ndani ya kikombe chake cha chai. Kitanda hicho alikiunda babu mwenyewe, na halikuwahi kuingia godoro humo bila watu wawili kulikandamiza kwa magoti.

"Hao ni wenye viwanda vya magodoro," babu alisema. "Siku hizi hawapimi, wanakisia."

"Pima tena basi, Babu. Wahenga walisema nyani haoni—"

"Wahenga hawakuwa na rula."

Akapima mbele yao. Kiraka cheupe: kumi kamili. Cha buluu: kumi na nusu. Akachukua cha buluu kingine, kumi na nusu, na kingine tena, hivyo hivyo.

"Mama Watoto," alisema, na sauti yake ilikuwa ile ya kusoma matokeo mabaya mbele ya shule nzima, "jicho lilikuhadaa tangu mwanzo. Viraka thelathini na viwili, vyote vina kosa. Hata kukosea umekosea kwa nidhamu."

Bibi aliitazama ile rula kwa jicho lake zima.

"Basi vifumue vyangu," alisema, "uvipunguze vilingane na vyako."

"Bibi, usikubali," mjukuu alisema. "Ulivikata kwa miezi miwili, kimoja kimoja."

"Nimekwisha kubali. Mtoto anakuja Jumamosi. Hatakuja na rula."

Babu aliiweka rula mezani, akaenda stoo kutafuta mkasi mkubwa. Walimsikia akifungua makasha na kuyafunga kwa kishindo, akilalamika kwamba nyumba hiyo haina mtu arudishaye kitu mahali pake.

Mjukuu hakuvumilia. Alitoa mfukoni futikamba yake ya kazini, ile ya kupimia vichwa vya watoto wachanga, akainyoosha juu ya kiraka cha buluu. Kumi. Akainyoosha juu ya kiraka cheupe. Tisa na nusu. Akailaza rula kando ya futikamba, kisha akaiinua karibu na dirisha. Ncha moja ilikuwa na pembe kali kama siku ilipotoka dukani. Ile nyingine, yenye nambari iliyofutika, ilikuwa ya mviringo, laini kama kokoto.

"Bibi," alisema, "viraka vyako ni sahihi. Rula ya babu ndiyo fupi."

"Punguza sauti."

"Ulikuwa unajua?"

Bibi aligeuza uso kuelekea stoo. Kasha la mwisho lilifungwa, na nyayo zikaanza kurudi.

"Mwezi wa tatu wa ndoa yetu nilichochea mkaa kwa rula hiyo, ncha ikaungua," alinong'ona. "Nikaisugua kwenye sakafu ya uani mpaka weusi ukaisha, nikamrudishia mfukoni kabla hajaamka."

Babu aliingia, mkasi mkononi.

"Kata, Mwalimu," bibi alisema kwa sauti. "Macho yangu haya, kupima sijui."