Hodi Mlangoni pa Baa

Wiki tatu tangu Bi Sekela apangishwe ile baa iliyofungwa iwe nyumba yake, watu walikuwa bado wanaingia bila hodi. Alikuwa amepaka chokaa na kutundika mapazia, na kwenye kaunta alipouzia bia kwa miaka kumi na tisa, sasa palikaa sufuria zake. Hata hivyo, kila siku mlevi mmoja au mwingine alisukuma mlango, akavuta kiti, akaagiza.

"Baa imefungwa, kaka. Hapa ni kwangu," aliwaambia, nao wakacheka.

Jumamosi alasiri alikuwa akipeta mchele aliposikia nyayo anazozijua. Zilikuwa za Mzee Kingu, mnywaji wake wa miaka yote. Akajiandaa kumfukuza.

Nyayo zikakoma nje.

"Hodi hapa kwa Bi Sekela."

Ungo ukatulia mikononi mwake.

"Umelala, dada? Au unataka niive huku juani?"

"Karibu, mzee wangu," alisema. "Karibu ndani. Na asante."

"Asante ya nini? Sijaleta kitu."

Mzee alishika mwimo wa mlango, akasimama kwa mguu mmoja, akaanza kuvua viatu, naye Bi Sekela akamtazama bila kumharakisha.