Koti la Kuzikiwa

Verlene alitia mkono mfukoni mwa koti la marehemu mumewe, lililoning'inia barazani tangu alipolazwa hospitali. Vidole viligusa majani makavu, kisha mayai manne yenye joto. Kindege cha kahawia kilichochomoka humo kilimfokea kutoka kwenye uzio.

"Shemeji, lete hilo koti! Wanataka kufunga jeneza," mdogo wa marehemu aliita kutoka garini.

"Ndege ametaga humu."

"Ndege? Mississippi nzima imejaa hao! Si ulimwahidi kaka atazikwa nalo?"

Alimwahidi kweli, mgonjwa akiwa amemshika mkono.

Aliyatoa mayai moja moja, akayalaza kwenye mbao baridi za baraza, akiomba radhi asijue anamwomba nani. Kisha akalikung'uta koti.