Biskuti za Mhandisi

Biskuti ya tano ilimvunja jino Ndugu January, mwenyekiti wa kijiji. Alilitema kiganjani, akaligeuzageuza, kisha akasema, "Mama Bertila, tumeanza kukaribia."

Zilibaki siku tatu. Mhandisi Mmarekani alikuwa anapanda uwanda wa Makonde kutoka Masasi, kukagua vijiji viwili vya ujamaa upande wa Mkunya: hiki na cha jirani. Pampu ya maji ya kutolewa ilikuwa moja tu. Barua kutoka wilayani ilieleza kwamba mgeni anapenda biskuti za kwao ziitwazo grahamu, ila ngano haipatani naye. Akiila, tumbo humjaa kama ngoma. Kamati iliona kwamba mtu mwenye tumbo la namna hiyo hawezi kuandika jambo jema juu ya kijiji chochote.

Kazi akapewa Wilhelmina, mama yake Bertila, aliyewahi kupika jikoni kwa masista Ndanda. Hakubembelezwa. Kila alfajiri alishuka mteremko hadi kisimani bondeni, akarudi jua limeshapanda. Mwaka jana Bertila aliteleza palepale na ndoo kichwani, na mpaka leo anachechemea. Wilhelmina aliitaka pampu ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Unga wa muhogo ulitoa vigae. Unga wa mtama ulitoa mchanga. Siku ya pili alikaanga korosho, akazitwanga, akazichanganya na mtama na asali, akaoka kwenye sufuria, makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Mke wa mwalimu alipopita na chapati mkononi alifukuzwa jikoni na mwiko.

January alitafunia upande uliobaki na meno. Akafumba macho.

"Ndiyo hii," akasema. "Kama si hii, basi Marekani ndio wanaokosea."

Lakini biskuti peke yake haitoshi kumpokea mgeni. Kila nyumba ikatoa ndoo yake ya akiba. Uwanja ukanyunyizwa maji ili vumbi lisiruke. Miche ya maua kutoka misheni ikapandwa njiani, ikamwagiliwa asubuhi na jioni. Watoto wakaogeshwa wote, wengine kwa mara ya kwanza tangu Pasaka.

Mhandisi alifika saa nne, mrefu, mwekundu, daftari mkononi. Wilhelmina akamshikia birika na beseni anawe. Mgeni akasita.

"Mama, maji haya mnayapata kwa shida?" aliuliza kwa Kiswahili cha kitabuni.

Wilhelmina aliona haya kwa niaba ya kijiji kizima. Mgeni hajaketi, aanze kusimuliwa dhiki?

"Yapo tele, baba," akasema. "Wewe nawa tu."

Akammiminia mpaka viwikoni.

Mgeni akala biskuti ya kwanza polepole. Watu wote wakaacha kupumua, macho yakiwa kwenye tumbo lake. Akala ya pili. Akala ya tisa. Tumbo likatulia mahali pake. Mara akaandika ukurasa mzima daftarini, akaomba zilizobaki afungiwe, akapanda gari huku akipunga mkono.

Wilhelmina alirudi jikoni, akaketi chini, akalia kwa furaha. Alipotaka kunawa uso, akakuta ndoo zote tupu. Hakujali. Kesho angeshuka bondeni, lakini safari hizo sasa zilikuwa za kuhesabika.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Kijiji kizima kikakusanyika, Wilhelmina mbele kabisa, na Bertila ameegemea bega lake. January akafungua bahasha, akasoma kupitia pengo lake:

"Biskuti za kijiji hiki zimezishinda za kwetu. Maji wanayo mengi, hata maua wanamwagilia. Pampu ipelekwe kwa jirani zao, ambako nilikosa hata ya kunawa."