Miguu Tu, Basi

Mangai aliegemeza simu kwenye mtungi wa maji, chini kabisa, mpaka ikaonyesha miguu yake peke yake. Akafunga njuga vifundoni. Ilikuwa Jumanne, siku ya somo la kucheza kwa simu.

"Sumitra, upo?" sauti ikauliza simuni.

"Nipo, Mwalimu," Mangai akajibu, sauti kaikwaruza makusudi.

Hakukuwa na Sumitra yeyote. Mwalimu kule Chennai alikuwa Vedavalli, mama mzazi wa Mangai, mcheza ngoma aliyesifiwa maisha yake yote kwenye kumbi na mahekalu. Miaka ya nyuma, Mangai alikuwa amepangiwa siku yake ya kwanza ya kupanda jukwaani kucheza. Kadi zimeshagawiwa, wapishi wameshafika. Asubuhi hiyo akatoroka na Elango, mpiga ngoma wa mama. Vedavalli akaapa mbele ya taa ya mungu: uso wa mtoto yule hatautazama tena mpaka afe. Na Vedavalli haapi kwa mchezo.

Sasa Elango yuko kazini Dubai, na nyumba yao ya Madurai imekuwa kimya mpaka inatisha. Mangai alikuwa na hamu na mama yake, basi tu. Akajiandikisha kwenye masomo ya mama kwa jina la uongo. Mwalimu akatoa sharti moja: simu ikae chini, aone miguu, mengine hana haja nayo. Mangai alimshukuru mungu wake Murugan kwa bahati hiyo. Akijulikana, simu itakatwa, na hata sauti ile ataikosa.

"Kunja magoti! Mbona umesimama kama nguzo ya umeme?"

Kule Chennai fimbo ya Mwalimu ikagonga ubao, kutoa mapigo. Mangai akakanyaga.

"Kisigino cha kushoto bado kivivu. Na vifundo vimekonda. Unakula kweli wewe?"

"Ninakula, Mwalimu."

Machozi yakamtoka. Heri hayaonekani, alijiambia, akazidi kukanyaga kwa nguvu. Mtungi ukayumba. Simu ikaanguka chali, na alipoinama kuiokota uso wake ukajaa kwenye kioo, machozi na kamasi.

Akamwona mama yake. Amezeeka, jamani! Macho kayafumba kwa nguvu zote, mkono unapapasa. Mara kioo kikawa chekundu kitupu: Vedavalli ameifunika simu kwa upindo wa sari.

Mangai akangoja ikatwe.

"Irudishe chini, Mangai," sauti ikasema. "Uso wako ndio niliapa kutouona. Miguu sikuiapia."