Mikia ya Ngiri

"Shauri la Kusimamisha Mikia Hadharani" ndilo jina rasmi la jambo lililofikishwa mbele ya Baraza la Pangoni. Vita na fisi vilikuwa vimekwisha, ila Ngiri aliyeviongoza hakuzoea amani. Aliomba kikosi chake kiruhusiwe kutembea mikia juu na kulinda mlango wa baraza.

"Mikia tu," alisema Kobe, mwenyekiti. "Mkia haujamuuma mtu."

"Na meno yao je, mzee?" aliuliza Kanga, ambaye hakuwa amelala vizuri tangu kikosi kianzishwe.

"Mama Kanga, ngiri huingia shimoni kinyumenyume, meno yakimwelekea adui aliye nje. Hata hilo hulijui?"

Wajumbe walicheka, wakapitisha. Walinzi wakaanza kuingia mmoja mmoja.

"Mwenyekiti," Kanga alinong'ona, "leo wametanguliza vichwa. Meno yanatuelekea sisi."

"Subiri, mama. Hilo litakuja kwenye mengineyo."

Kumbukumbu za kikao zinasema kilifungwa kwa utulivu. Kanga aliuawa hapo hapo, Kobe akavuta kichwa gambani, na baraza halikukutana tena.