Bolti Mbili za Mkiani

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Verna Hostetler, mkaguzi wa kiwanda cha ndege, aliingiza tochi kwenye tundu la ukaguzi mkiani mwa ndege, akahesabu bolti za bawaba ya usukani, ule ubao wa mkiani unaogeuza ndege. Zilitakiwa kuwa nne. Zilikuwa mbili.

Alihesabu tena, kwa kidole.

"Trung, usukani huu umeshikwa na nini? Maombi?"

"Na rangi, mama," fundi alijibu kutoka chini ya ngazi. "Tumepaka mara tatu." Hakucheka. "Zamu ya jana walizitoa wapitishe waya. Nilimwambia bosi. Akasema nifunge kifuniko."

Ndege ilikuwa ikabidhiwe saa nne. Wanunuzi walishafika; walikuwa ukumbini wakila keki. Kuufungua mkia na kurudisha bolti kungechukua muda wa saa tisa. Bila mhuri wa Verna, namba 58, ndege haikuruhusiwa kuruka.

Alipoingia ofisini, Koehn, mkuu wa uzalishaji, alikuwa anasogeza kando simu mpya ya mezani, waya wake bado una mikunjo ya boksini. Aliweka fomu mahali pake.

"Piga mhuri, Bi Verna. Hizo nyingine zitawekwa huko iendako."

"Kesho inapakia abiria."

"Mbili zinashika."

"Mchoro unasema nne."

"Mchoro haujawahi kukabidhi ndege. Wewe una miaka thelathini na moja hapa. Usiimalizie leo."

"Unanifukuza?"

"Nakukumbusha."

Verna aliurudisha mhuri mfukoni. "Basi naiambia serikali."

"Haki yako." Koehn alitazama saa. "Namba iko ukutani. Fanya haraka tu."

Tangazo lilikuwa kwenye korido, hatua nne kutoka mlangoni kwake. Kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyehitaji tangazo. Kila mtu alimjua Pruitt, mwakilishi wa serikali. Mshahara wake ulilipwa na kiwanda, kama wao wote, maana ndivyo kazi hii inavyoendeshwa. Lakini Pruitt hakutia saini kitu asichokiona kwa macho. Alistaafu Ijumaa. Tangazo jipya lilibandikwa Jumatatu: *Mwakilishi wa Mamlaka ya Anga, piga 4471. Jina lako halitatajwa.* La mwakilishi nalo halikuandikwa.

Verna alichukua simu ya ukutani. Kidole kilikosea tarakimu ya pili. Akaanza upya. Kupitia dirisha la korido aliona trekta la kuvuta ndege likirudi nyuma kuelekea gurudumu la mbele la ndege.

Saa mbili na dakika thelathini na moja, namba ikaita.

Nyuma yake, kwenye meza ya Koehn, simu mpya ikalia. Ililia mara mbili. Koehn akaipokea.

"Mwakilishi wa Mamlaka ya Anga," alisema. "Nani mwenzangu?"