Tembo Akunja Mkonga

Wanyama walipokuwa wakijenga daraja, Tembo ndiye aliyenyanyua magogo kwa kamba, naye alijivuna waziwazi: "Sijawahi kumwangushia mtu gogo!"

Siku moja Simba alijilaza pale gogo litakapopita.

"Sogea, Mfalme, nilinyanyue gogo," Tembo akamwambia.

"Mimi nisogee? Lipitishe juu yangu! Au nguvu zimekuishia?"

"Nguvu ninazo. Ila sinyanyui mzigo juu ya kichwa cha mtu, hata kiwe na taji."

Simba akanguruma mpaka nyani wakakimbia. Tembo akakunja mkonga, akangoja. Mwishowe Simba akasogea, amenuna.

Tembo aliponyanyua, kamba ilikatika, na gogo likaangukia palepale alipokuwa amelala Simba.

"Ulijuaje kwamba itakatika?" Simba akauliza kwa sauti ndogo.

Tembo akainua kichwa kwa maringo. "Sikujua, Mfalme. Ndiyo maana nilikwambia usogee."